Karatasi Iliyobandikwa Ndani ya Mlango wa Kabati

Tamsin, na wewe mwenye ndevu ambaye jina lako limenitoka,
pesa nimezihesabu, zimetimia. Trela ni lenu.
Someni hii kabla hamjatoka uani kwangu.

Vitu vizito vikae mbele ya ekseli, chini, sakafuni:
kreti za maji, sufuria la chuma, kisanduku cha spana.
Mkirundika nyuma, trela litatikisa mkia
kama mbwa aliyemwona mwenyewe,
na kwenye kilomita tisini kwa saa huo si mkia wa furaha.
Likianza kuyumba, usikanyage breki.
Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani, nyamaza.
Mwenda pole hajikwai,
hata akipigiwa honi na malori yote ya ngano ya Saskatchewan.

Minyororo ipishane chini ya shingo,
wa kushoto uende kulia, wa kulia uende kushoto,
ili shingo ikichomoka idakwe kama chungu kwenye susu,
isichimbe lami.

Nati za magurudumu zikazeni leo.
Baada ya kilomita themanini, simameni, zikazeni tena.
Metro, mume wangu, hakusimama.
Mwaka wa themanini na saba tairi letu wenyewe lilitupita
kwenye mteremko, likienda zake
kama mtu aliyechelewa kazini.
Tulilitazama wote wawili.
Hakuna aliyesema neno mpaka Jumanne.

Kurudi nyuma:
shika usukani kwa chini, karibu na magoti.
Unakotaka kitako cha trela kiende,
mkono uende huko huko.
Ni hayo tu.
Miaka thelathini na minne nilisimama nyuma nikipunga mikono,
naye dirishani ananikaripia,
kumbe siri yote ni ya sentensi moja.
Niliijua baada ya mazishi, Jumapili alfajiri,
kwenye maegesho matupu ya ukumbi wa barafu,
mimi na ndoo nne za matango ya siki nilizozipanga kama nguzo.
Siku ya kwanza nilizikanyaga tatu.
Kufikia Septemba, hata moja.
Bonyeo la pembe ya kushoto ni langu. Msilinyooshe.

Anayeelekeza asimame mahali dereva anapomwona kiooni.
Akipotea kwenye kioo, simama.
Usikisie. Shuka, umtafute.

Mkifika kambini, kabari kwenye magurudumu
kabla hamjafungua shingo.
Kabla.
Lubomyr, jirani yetu, alifungua kwanza,
trela lake likaenda kuoga ziwani bila yeye.
Sawazisheni kulia na kushoto, kisha ndipo mbele na nyuma.
Pimamaji imo droo ya pili.
Isipoonekana, wekeni yai mezani; yai halina upendeleo.

Turubai la kivuli likunjwe kabla ya kulala,
hata kama nyota zimeapa.
Upepo wa tambarare hizi haubishi hodi.
Chakula msikiache nje. Dubu pia habishi.

Tangi la choo limwagwe kwanza,
la maji ya sabuni lifuate, lisafishe bomba.
Vaeni glavu. Ushujaa tafuteni kwingine.

Kimo cha trela ni mita tatu na sentimita tano.
Kiandikeni kwenye gari lenu, mbele ya macho ya dereva.
Daraja halijui kuinama.

Nini tena.
Mlango huu wa kabati hukwama kukiwa na unyevu.
Mkiulazimisha mtang'oa bawaba.
Uinueni kidogo kwanza, taratibu,
kama unavyomwinua mtu kitandani ili anywe maji,
kisha vuteni.

Jiko linawaka jicho la kushoto tu.
Kwa kahawa linatosha.

Orysia